Laiki mia tatu, wanunuzi sita: hela inavujia wapi?

Barua

Shikamoo dada,

Nauza magauni ya kike mtandaoni, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mzigo nachukua Kariakoo kwa bei ya jumla: gauni 22,000, mfuko na lebo 1,000, nami nauza 35,000. Sina fremu, stoo ni chumbani kwangu. Instagram nina wafuasi 14,300. Wengi wao walikuja mwaka jana nilipoendesha shindano la zawadi, lile la "watag mashosti watatu". Kila posti inapata laiki 300 hadi 400 na komenti za "wow mama" na "bei?". Bei siandiki, naweka "bei inboksi", maana washindani wangu wananichungulia.

Mwezi uliopita, tarehe 11 mpaka 20, niliboosti posti moja, yaani niliilipia Instagram iisambaze kama tangazo, kwa 10,000 kwa siku, jumla 100,000. Nilichagua lile lengo la watu kutembelea ukurasa. Watu 87 walikuja WhatsApp. Nimewahesabu mmoja mmoja: 52 walinyamaza nilipotaja bei. 14 walinyamaza nilipotaja hela ya boda au ya basi. 9 walisema "nitakucheki mwisho wa mwezi" na sijawaona tena. 6 waliuliza kama litawatosha, nikawajibu "litakutosha tu dear", wakapotea. Walionunua ni 6, na kati yao wawili walirudisha kubadilisha saizi.

Mazungumzo mengi yako hivi:

Mteja, saa 4:12 asubuhi: "Hili la kijani bei gani?"
Mimi, saa 9:40 alasiri: "35k dear"
Tiki za bluu. Kimya.

Kaka yangu anasema bajeti ni ndogo, nipandishe hadi 20,000 kwa siku. Kuna kijana mwingine ananiuzia wafuasi 5,000 kwa 25,000. Na wateja wanagoma kutuma hela kwanza, wanasema wamelizwa sana. Niliyewahi kumpelekea kabla hajalipa alinionyesha meseji ya malipo, kumbe feki, gauni likaenda. Nifanyeje?

Muuza Magauni, Mbagala

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi: umehesabu watu waliopotea na umeandika walipotelea wapi. Kwa hesabu hiyo tunaweza kusema mambo ya uhakika badala ya kubahatisha.

Tuanze na hela. Kila gauni linakuachia 12,000. Magauni sita ni 72,000. Tangazo lilikula 100,000. Umepata hasara ya 28,000, na hapo sijaweka bando wala boda za wale wawili waliobadilisha saizi. Ukimsikiliza kaka yako ukaweka 20,000 kwa siku na mengine yote yakabaki vilevile, hasara itakuwa 56,000. Tangazo kazi yake ni kuleta watu mlangoni, na watu walikuja. Ulilipa kama shilingi 1,150 kwa kila mtu aliyekuandikia.

Sasa angalia upande wa pili. Kama wangenunua watu 9 badala ya 6, ungepata 108,000 na tangazo lingejilipa. Watu watatu tu kati ya 81 waliopotea. Wangenunua 12, ungebaki na 44,000 mkononi kwa hela ileile ya tangazo. Kwa hiyo usiguse bajeti. Zima matangazo kwa wiki mbili, tutengeneze mazungumzo kwanza.

Na usianze na wale 52. Anza na hao 14, 9 na 6. Ni watu 29 ambao walisikia 35,000 na hawakukimbia, wakaendelea kuuliza. Hao walikuwa wateja wako kabisa.

Wale 14 wa nauli

Mtu akishasikia 35,000, kichwani ameshaitenga hiyo 35,000. Ukimletea 7,000 nyingine mwishoni, haioni kama nauli, anaiona kama bei imepanda. Tabia hii iko dunia nzima. Baymard Institute, taasisi ya Denmark inayochunguza maduka ya mtandaoni, inaonyesha kwamba karibu 70% ya vikapu vinavyojazwa bidhaa huachwa bila kulipiwa, na sababu inayotajwa kuliko zote na walioacha wakiwa na nia ya kununua ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni, hasa usafirishaji.

Kwa hiyo nauli itajwe pamoja na bei, kwenye jibu la kwanza. Gawa jiji mafungu matatu kufuata boda wako anavyotoza kutoka Mbagala, mathalani Temeke na jirani zake, kisha Kariakoo, Ilala na Kinondoni, kisha Mbezi, Tegeta na Bunju. Kaa naye chini mkubaliane bei moja kwa kila fungu, uiandike. Ukikisia kila mara mteja anaona unasitasita, na kusitasita kwa muuzaji asiye na fremu kunatia wasiwasi.

Jaribu pia kuchanganya: "40,000 hadi mlangoni kwako, popote Temeke na Ilala." Watu wengi wanaona nafuu kusikia namba moja. Usiite "usafiri bure" ikiwa umeshaipandisha bei, kwa sababu mteja akiliona gauni hilohilo kwa mwenzako kwa 35,000 atakuona mjanja na hatarudi.

Wa mikoani wanataka uhakika zaidi ya unafuu. Mwambie mapema mzigo unapanda basi gani, siku gani, unafika lini na anachukulia ofisi gani. Ukishapakia, mtumie picha ya risiti ya mzigo, namba za basi na simu ya ofisi ya kule anakopokelea. Ufanye hivyo bila kusubiri aulize.

Wale 6 wa saizi

"Litakutosha tu" si jibu, na mteja anajua hivyo. Anayenunua kwa simu hawezi kushika kitambaa wala kujaribu, na hofu yake kubwa ni kubaki na gauni lisilopita mabegani. Lebo za magauni yanayotoka China na Uturuki hazilingani: L ya huku inaweza kuwa M ya kule, na hata mzigo mmoja wa Kariakoo unaweza kuchanganyika. Ndiyo maana wawili kati ya sita walirudisha.

Nunua futi kamba ya fundi cherehani. Kila mzigo ukiingia, laza gauni kitandani bila kulivuta, pima vitu vitano: kifua (kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili), kiuno, nyonga, urefu kutoka begani hadi chini, na urefu wa mkono. Ni dakika tatu kwa gauni. Kama kitambaa kinavutika, andika kinavutika inchi ngapi, kwa sababu gauni la kifua inchi 40 linalovutika na lile lisilovutika ni magauni mawili tofauti kabisa.

Halafu mteja akiuliza saizi, usimuulize "unavaa L au XL?". Wengi hawana uhakika. Mwambie achukue gauni lake linalomkaa vizuri, alilaze, apime kwapa hadi kwapa, akutumie namba. Asiye na futi kamba atumie rula au hata akutajie kilo zake na urefu wake. Ukiona halitamtosha, mwambie halitamtosha. Hiyo hela uliyoiacha leo ni boda mbili ulizookoa na mtu atakayekuamini mzigo ujao ukifika.

Wale 9 wa mwisho wa mwezi

Uliboosti tarehe 11 hadi 20. Wateja wengi wa Dar wanaoishi kwa mshahara wanapata hela kati ya tarehe 25 na tarehe 5. Uliwaita watu wakati mifuko imekauka, wakakujibu ukweli, nawe ukaupokea kama kisingizio.

WhatsApp Business, ile programu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, ina lebo za rangi, na unaweza kuwa nazo hadi 20. Tengeneza moja uiite "Mwisho wa mwezi". Kila anayesema maneno hayo mpachike lebo hiyo palepale, pamoja na maelezo mafupi ya gauni na saizi. Tarehe 27 fungua lebo, uandikie kila mtu kwa jina lake. Mara moja tu. Asipojibu, muache, ukimwandikia mara ya tatu anakublok, na namba inayoblokiwa na kuripotiwa na watu wengi inaweza kuwekewa vikwazo na WhatsApp wenyewe.

Unaweza pia kupokea oda ya kuwekewa: anatanguliza 10,000, unamtunzia gauni kwa siku 14, anamalizia. Masharti yaandikwe kwenye mazungumzo kabla hajatuma hela: zikipita siku 14 gauni linauzwa, na hela yake inarudi yote au inabaki kwa gauni lingine, chagua moja na usiibadilishe. Bila maandishi, hii itakuletea ugomvi.

Sasa wale 52

Hapa kuna mambo mawili yamefungwa pamoja.

La kwanza ni "bei inboksi". Washindani unaowaficha wananunua Kariakoo ileile, bei ya jumla wanaijua kama wewe. Unayemficha kweli ni mnunuzi. Mwenye 15,000 mfukoni anakuja kuuliza kwa sababu hajui, anasikia 35,000, anaondoka, nawe umelipia 1,150 kumleta. Wakati huohuo mwenye 40,000 asiyependa kubembelezana inboksi anapita, anakwenda kwa aliyeandika bei. Kwa hiyo unachuja kinyume: unawavuta wasio na uwezo na kuwafukuza wenye uwezo. Andika bei juu ya picha, kwa namba kubwa. Wanaouliza watapungua, labda sana. Usiogope. Utakaobaki nao wameshaikubali bei kabla hawajakuandikia.

La pili ni lile jibu lako. Aliuliza saa 4:12 asubuhi, ukajibu saa 9:40 alasiri. Zaidi ya saa tano. Mtu anayeuliza bei ya gauni hakuulizi wewe peke yako, ameshika simu na ameandikia kurasa tatu au nne. Na ulipojibu, "35k dear" haikumpa kitu cha kushika. Hakuna saizi, hakuna kitambaa, hakuna nauli, wala swali. Mazungumzo yamekufa kwa sababu hujamwachia pa kuendelea.

Jibu hilohilo liandikwe hivi:

"Habari dada, karibu sana. Gauni la kijani namba G14 ni 35,000. Kitambaa ni krepu nzito, hakionyeshi ndani na hakihitaji pasi kali. Zipo L (kifua inchi 42, urefu inchi 56) na XL (kifua inchi 45, urefu inchi 57). Boda kutoka Mbagala: Temeke 3,000, Kariakoo na Ilala 5,000. Uko maeneo gani, na kifua chako inchi ngapi nikuangalizie?"

Namba za vipimo na nauli weka zako. Cha muhimu ni mwisho: maswali mawili mepesi ambayo mtu anaweza kuyajibu akiwa kwenye daladala.

Huwezi kuandika yote hayo mara 87 kwa mkono, na huna haja. Kwenye WhatsApp Business ingia zana za biashara, sehemu ya majibu ya haraka. Unaandika ujumbe mara moja, unaupa neno fupi, halafu ukiandika alama ya mkwaju (/) na neno hilo ujumbe wote unajitokeza. Nafasi zipo 50. Wewe anza na tano: /bei, /saizi, /boda, /mkoa, /lipa. Kabla ya kutuma, badilisha jina na gauni. Mteja anayetumiwa maneno ya gauni la bluu wakati ameuliza la kijani anajua anaongea na mashine.

Ule ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe huenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila kuwasiliana nawe. Uwe mistari miwili: saa zako za kujibu, na ombi la kutuma namba ya gauni. Wengi wanauacha ule wa Kiingereza uliokuja na programu, na mteja wa Mbagala anadhani amepiga benki.

Kila gauni lipe namba, uipige kwenye picha na kuiweka kwenye katalogi ya WhatsApp (inabeba hadi bidhaa 500) pamoja na bei. Utapumzika na skrinshoti zenye ukungu na "lile la juzi lenye maua". Gauni likiisha, lifiche kwenye katalogi siku hiyohiyo. Kumwambia mtu "limeisha" baada ya kukubaliana bei kunaudhi kuliko bei kubwa.

Kuhusu "bei ya mwisho ngapi?", amua kabla simu haijalia. Ukishuka hadi 32,000 faida yako ni 9,000, na ukitoa 1,150 za kumleta kila muulizaji, wale wengi wasionunua wanakumaliza. Afadhali useme: "Moja ni 35,000, ukichukua mawili nakuachia kwa 65,000." Mawili yanakugharimu 46,000, unabaki na 19,000 kwa mteja mmoja na safari moja ya boda. Asiyetaka mawili mara nyingi analipa 35,000 yake, kwa sababu umemjibu na hukumkasirikia kwa kuuliza. "Zimebaki mbili" iseme zikiwa zimebaki mbili kweli. Na "ofa ya leo tu" inayorudi kila siku watu wanaiona, wanakaa kusubiri ya kesho.

Kulizwa, kwa pande zote mbili

Mteja wako ana haki ya kuogopa. Ukurasa usio na fremu, wenye wafuasi wa shindano na komenti za "wow", unafanana sana na ukurasa wa tapeli, maana navyo vinanunuliwa. Mpe vitu ambavyo tapeli havimfai.

Jina kwanza. Mteja akiingiza namba ya malipo, simu inamwonyesha jina kabla hajathibitisha. Ukurasa unaitwa hivi, jina linalotokea ni la mwanaume asiyemjua: hapo anabonyeza kughairi, na hatakuambia kwa nini. Nenda duka la mtandao wako wa simu na kitambulisho cha NIDA, uulize wanavyosajili Lipa Namba yenye jina la biashara. Mpaka uipate, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako na umtajie mteja mapema jina litakalotokea.

Ndani ya Dar, mkubaliane hivi: anatanguliza nauli ya boda, gauni anakagua mlangoni, analilipia boda akiwa bado yupo hapohapo. Akilikataa, hujapoteza nauli. Anayegoma hata nauli ya 3,000 mara nyingi hakuwa na nia. Mkoani alipe yote kwanza, ila kabla hajalipa mtumie video fupi ya gauni lake lenyewe, na jina lake limeandikwa kwenye karatasi pembeni.

Boda wako mpe kanuni moja isiyo na msamaha: gauni halitoki mkononi mpaka wewe umpigie kusema hela imeingia. Wewe nawe usisome meseji, fungua menyu ya huduma yako ya pesa uangalie salio (M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#). Meseji feki inatengenezwa kwa dakika moja na inatumwa kutoka namba ya kawaida. Salio haliwezi kughushiwa. Mteja akisema "mtandao unasumbua, itaingia", boda asubiri au arudi nalo.

Shuhuda za wateja weka, ni dawa kubwa kuliko maneno yako. Lakini naona kurasa nyingi zinabandika skrinshoti na namba za simu za watu ziko wazi, hata picha za nyuso zao. Omba ruhusa kwa maandishi, funika namba na jina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na namba ya mteja wako ni taarifa binafsi.

Wafuasi wa 25,000

Usinunue. Wafuasi hao hawavai magauni. Posti ikitoka, Instagram inaangalia wanaoonyeshwa wanafanya nini nayo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza Januari 2025 kwamba vitu vitatu vyenye uzito zaidi ni muda ambao watu wanatazama, laiki, na mara ngapi wanaituma posti kwa mtu mwingine inboksi. Na huko kutumiana ndiko kunakosaidia zaidi kuwafikia wasiokufuata bado. Ukijaza akaunti feki 5,000 zisizotazama wala kutuma, unaiambia Instagram kwamba gauni lako halipendezi. Hata wale wa shindano wanakuumiza kwa njia hiyohiyo. Walikuja kwa zawadi.

Piga video ambayo mwanamke ataituma kwa dada yake akisema "hili la harusi ya Jumamosi". Simu wima, mchana, karibu na dirisha. Sekunde 12 hadi 20, watu wanalinda bando. Sekunde mbili za kwanza gauni liwe linatembea, usianze na nembo. Kisha mgongo, kisha aliyevaa akae kwenye kiti, kwa sababu gauni linalopanda likikaliwa wanawake wanataka kulijua kabla ya kulipa. Malizia na mkono ukivuta kitambaa mbele ya mwanga. Andika juu: G14, 35,000, aliyevaa ni L na urefu wake futi 5 na inchi 4. Maandishi yasikae chini kabisa wala pembeni kulia, hapo yanazibwa na maelezo na vitufe.

Na laiki 300 acha kuzihesabu. Hesabu waliohifadhi, waliotuma, walioandika.

Ukirudi kwenye tangazo

Baada ya wiki mbili, anza tarehe 25. Ulichagua lengo la kutembelea ukurasa, na mfumo ulikutafutia watu wanaopenda kuchungulia kurasa, ndivyo ulivyoombwa. Safari hii chagua ujumbe, uelekeze WhatsApp, bei ikiwa juu ya video. Wanawake wa miaka 22 hadi 45, Dar es Salaam tu, mpaka nauli za mikoani zikae sawa.

10,000 kwa siku kwa siku 7, tangazo moja, ndani yake video mbili au tatu. Usiigawe hela hiyo kwa makundi matatu tofauti. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, unajifunza nani wa kumwonyesha kwa kupata matokeo kama 50 ndani ya wiki moja. Kwa bei yako ya 1,150 kwa ujumbe, 70,000 inafika hapo kwa kundi moja tu, tena kwa shida. Ukiwa katikati ukabadilisha walengwa, bajeti au video, kujifunza kunaanza upya na umechoma siku zilizopita. Usiliguse siku nne za kwanza hata likionekana baridi. Na liendeshe saa ambazo upo kwenye simu. Kama lazima uwe jikoni jioni, mtafute mdogo wako akushikie simu muda huo.

Daftari lako ligawe safu sita: aliyeuliza, saa aliyouliza na saa uliyojibu, gauni na saizi, alipo, alipoishia, alicholipa. Kwa faida yako ya 12,000, ujumbe mmoja ukigharimu 1,150 unahitaji mnunuzi mmoja katika kila watu 10 ili usipate hasara. Ulikuwa na mmoja katika 14 na nusu. Bei ikishaandikwa, ujumbe unaweza kupanda hadi 2,000 au zaidi, na si vibaya ikiwa mmoja kati ya wanne ananunua. Mshahara wako hauko kwenye bei ya ujumbe, uko kwenye ile safu ya mwisho.

Leo jioni, kabla ya kitu kingine, fungua mazungumzo ya wale tisa na yule wa gauni la kijani. Mwandikie hivi, ukiweka vipimo vya kweli:

"Habari dada, uliniulizia gauni la kijani, nami nilichelewa kukujibu, samahani. Bado lipo L na XL. Nimelipima: L kifua inchi 42, XL inchi 45. Ni 35,000, na boda unajua bei kabla halijatoka. Unatanguliza nauli ya boda tu, gauni unalikagua mlangoni ndipo unalilipia. Nikutunzie?"